Miguu isiyo na magaga

Sikupanga kuandika kuhusu uchoraji. Nilikuwa na habari ya bei ya sembe ya kumalizia. Lakini dada mmoja tunayekaa naye meza moja chumba cha habari kaweka picha mpya kwenye kioo cha kompyuta yake, nimeitazama wiki nzima mpaka ikanikera. Nikamwambia imenikera. Akasema nina roho mbaya, kwamba mtu anayekerwa na picha ya mtoto mzuri namna ile kalogwa. Tukabishana mpaka mhariri akatufukuza, tukaenda kuendelea kwa mama ntilie. Wali ukaisha, ubishi haukuisha. Namalizia hapa.

Picha yenyewe ni ya Mfaransa William Bouguereau (tamka Bugero, usiumize ulimi), ya mwaka 1889. Kwa Kiswahili tuseme inaitwa Msichana Mchungaji. Binti wa miaka labda kumi na miwili, kumi na mitatu hivi, amesimama peku kwenye majani. Fimbo ameilaza mabegani, mikono ameitundika juu ya fimbo kama wafanyavyo wachungaji wa dunia nzima, anakutazama moja kwa moja. Nyuma yake, mbali, ng'ombe wanakula majani. Turubai linakaribia mita 1.6 kwenda juu, kwa hiyo ukisimama mbele yake unakutana na mtoto wa kimo cha mtoto. Iko Marekani, jimbo la Oklahoma, mji wa Tulsa, kwenye makumbusho ya Philbrook. Makumbusho hayo ni jumba alilojijengea tajiri wa mafuta Waite Phillips miaka ya 1920, akaja kulitoa kwa mji mwaka 1938.

Mimi Tulsa sijafika. Nimeiona kama ninyi mtakavyoiona, kwenye kompyuta. Ila kompyuta ina faida moja, unaweza kukuza. Nikakuza uso: mzuri. Nikakuza mikono: laini. Nikateremka mpaka miguuni, na hapo ndipo nilipojua kinachonikera.

Hana magaga.

Jamani, huyu ni mtoto wa shamba. Anachunga. Yuko peku. Kisigino chake kingetakiwa kuwa kama ardhi ya Dodoma mwezi wa kumi. Vidole vingetakiwa kuwa na makovu ya miiba, kucha moja angalau iwe imeng'oka kwa kujikwaa, na katikati ya vidole tope, na tope la penye ng'ombe sote tunajua limechanganyika na nini. Badala yake tunapewa miguu iliyotoka kuogeshwa. Vumbi kidogo la kuzugia, basi. Kwa ufundi, ni miguu iliyochorwa vizuri kuliko karibu miguu yote niliyowahi kuona kwenye picha. Unaona mfupa chini ya ngozi. Unaona damu inavyopita. Mtu aliyeweza kuona damu chini ya ngozi alishindwaje kuona magaga juu ya ngozi?

Tena hata huo upeku wenyewe una walakini. Wakulima wa Ufaransa wa enzi hizo walikuwa na viatu vyao vya mti, vya kuchonga, ndugu wa mitalawanda ya watu wa Pwani. Vilikuwa vizito, vya kelele, si vya kupendeza. Sisemi hapakuwa na mtoto aliyetembea peku kiangazi. Walikuwepo tele. Nasema pitia picha za Bouguereau za watoto wa shamba, uhesabu wangapi wako peku na wangapi wamevaa vile viatu, halafu ujiulize ni nani aliyewavua.

Halafu ng'ombe. Huyu binti amewapa ng'ombe mgongo! Mimi likizo zote za shule ya msingi nimechunga mbuzi wa babu, na viboko nilivyokula kwa kuwapa mgongo siwezi kuvihesabu. Mnyama anasubiri ugeuke tu. Muulize Msukuma yeyote, muulize Mmasai, mchungaji hasimami kukutazama wewe mpita njia huku mali ya watu iko nyuma yake. Macho yako kwa mifugo hata akiongea na wewe. Mtoto huyu hachungi. Ameshikishwa fimbo. Ng'ombe wamewekwa pale nyuma ili ujue yeye ni nani, kama vile studio za picha za mtaani zilivyokuwa zikiweka nyuma yako pazia lenye ndege na maghorofa.

Sasa, dada yangu wa pale mezani ana hoja tatu, na mimi si mtu wa kukimbia hoja.

Ya kwanza: eti nachukia ufundi, ni wale wale wanaoona mistari miwili iliyopinda kuwa ndiyo sanaa. Hapana. Msinihesabu huko. Bouguereau alikuwa fundi. Mwaka 1850 alishinda tuzo ya Roma, ambayo ilikuwa ndoto ya kila kijana mchoraji wa Ufaransa, mwaka 1876 akaingia katika Akademia ya Sanaa yao, akafundisha vijana wengi, akachora picha zaidi ya mia nane. Alipofariki mwaka 1905 walikuja watu wa sanaa mpya wakamfanya kichekesho kwa miaka mingi, mpaka maonyesho makubwa ya mwaka 1984 yalipomrudisha watu wakaanza kumtazama tena. Kucheka ufundi wake ni uvivu. Mtu huyu alikuwa anafuta hata alama za brashi yake mwenyewe, turubai likabaki laini kama kioo, usione mahali alipohangaika. Na kazi alifanya sana, kutwa nzima. Kwa hiyo kwenye picha ile kuna kazi mbili zimefutwa, ya mtoto na ya mchoraji. Ya mchoraji alikuwa na haki ya kuifuta. Ni yake.

Hoja ya pili ndiyo inayonitia hasira: eti "enzi zile ndivyo walivyochora." Hii ni hoja ya mtu ambaye hajatazama enzi zile. Miaka minane kabla ya huyu mchungaji msafi, mwaka 1881, kijana mwingine wa Kifaransa aitwaye Jules Bastien-Lepage alichora binti mdogo anayechunga ng'ombe kijijini kwao Damvillers, upande wa mashariki mwa Ufaransa. Jina la picha ni kama kusema Kandege Maskini. Iko Scotland, makumbusho ya Kelvingrove, mjini Glasgow. Itafuteni muone. Mtoto kajifunika tambara zito kama gunia kuanzia kichwani, limemmeza. Pembeni kuna kijiti cha mti kisicho na jani hata moja na magugu ya miiba. Mwanga wa kijivu. Ng'ombe yuko. Na mtoto anaona baridi! Ukiitazama na wewe unajikunja.

Na msije mkaniambia huyo alikuwa mwasi asiyesoma. Bastien-Lepage alipita shule ile ile kubwa ya sanaa ya Paris, mwalimu wake alikuwa Cabanel, mzee wa akademia kama Bouguereau mwenyewe. Ufundi ni ule ule. Mwaka 1882 akachora kijana wa kazi za mashua za mfereji, mjeledi mkononi, nguo zimechoka, uso wa kihuni kidogo, uso wa mtoto ambaye anakuona na wewe ni wa kuchekwa. Akafa mwaka 1884, ana miaka thelathini na sita tu. Kwa hiyo brashi ya akademia ilikuwa na uwezo wa kuchora baridi na uchovu. Bouguereau aliamua. Ni uamuzi ninaomdai, si enzi.

Tukitaka kutoka nje ya akademia mifano ni mingi zaidi. Mwaka 1885 Bouguereau alichora mchungaji mwingine msafi, yuko San Diego. Mwaka huo huo kule Uholanzi, Van Gogh alichora familia inakula viazi usiku kwenye taa moja, akaeleza katika barua kwamba alitaka ionekane kuwa mikono inayoingia kwenye sahani ndiyo iliyochimba ardhi. Lakini Van Gogh naona kila mtu anamtumia kama fimbo ya kuwachapia wengine, nimwache.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nikiri. Dada alisema: "Wewe unataka maskini aonekane mchafu ndiyo umwamini. Bouguereau amempa heshima." Hapo nilinyamaza, nikaagiza chai.

Maana ana nusu ya ukweli. Uchafu nao una soko lake. Sisi waandishi tunalijua soko hilo: mtoto mwenye nzi mdomoni anauzika kuliko mtoto mwenye swali. Kama ningekuwa nataka tu tope liongezwe kwenye miguu ya yule binti, ningekuwa nabadilisha mnunuzi, biashara ikabaki ile ile.

Lakini tazameni heshima yenyewe ni ya aina gani. Turudi mwaka 1882. Tarehe 28 Machi mwaka huo Ufaransa ilipitisha sheria ya Jules Ferry, kila mtoto wa miaka sita hadi kumi na mitatu asome, lazima. Nzuri sana. Ila soma vifungu vya ndani. Mzazi akitoa sababu, mtoto aliweza kuruhusiwa kukosa shule hadi miezi mitatu kwa mwaka, mbali na likizo. Na mtoto aliyeajiriwa kwenye kilimo nje ya familia yake aliweza kusamehewa kipindi kimoja kati ya viwili vya siku. Sheria za kazi za watoto za mwaka 1841 na 1874 nazo zilikuwa za viwandani na kwenye karakana. Shambani hazikugusa. Maana yake mtoto wa kiwandani alikuwa na sheria ya kumtetea, hata kama ni dhaifu, na mtoto wa mjini alikuwa na darasa, ila mtoto anayetembea nyuma ya ng'ombe wa mtu mwingine ndiye aliyeachiwa tundu la kupenyezwa. Watu walibishana juu yake bungeni na vijijini: huyu ni wa shule au ni wa shamba?

Mwaka huo huo wa 1882 Bouguereau alichora mabinti wawili wa shamba wamekaa kwenye majani wanapiga soga juu ya njugu walizookota. Picha iko Detroit na nasikia inapendwa mno. Wako peku, wasafi, hawana haraka na dunia. Miaka saba baadaye akamchora huyu wetu wa Tulsa. Mzee alikuwa na miaka sitini na tatu, mjumbe wa Akademia, mtu wa kusoma magazeti. Hakuweza kuwa hajui kwamba mtoto anayechunga ni swali. Akamchora mtoto ambaye si swali. Binti wa Tulsa hadai kitu: si shule, si viatu, si mshahara. Ana afya, ametulia, anaridhika kuwa pale alipo. Heshima aliyopewa ni ya kutohitaji chochote kutoka kwako, na heshima ya namna hiyo ni rahisi sana kumpa maskini kwa sababu haina gharama.

Na nani alinunua? Picha zake nyingi zilipitia kwa wafanyabiashara wakubwa wa sanaa, akina Goupil, zikavuka bahari kwenda kwa matajiri wapya wa Marekani, watu wa viwanda na reli, nchi ambayo miaka hiyo ilikuwa imejaza watoto kwenye viwanda vya nguo na kwenye makaa ya mawe. Sina ushahidi kwamba mnunuzi fulani alikuwa na watoto kiwandani kwake na binti wa Bouguereau ukutani kwake, kwa hiyo sitamtaja mtu. Nasema tu ukuta wa namna hiyo ulihitaji mtoto wa namna hiyo. Mwenyewe Bouguereau hakuficha. Ujanani alichora mambo mazito, kuna picha ya mwaka 1850 ya Dante akiwa motoni ambako watu wanatafunana shingo. Baadaye alikiri kwamba aligundua mambo ya kutisha hayalipi, kwamba umma unapenda vitu vitamu na yeye anachora kuuridhisha. Namheshimu kwa kusema wazi. Ila basi msiniambie ni heshima kwa wakulima. Ni heshima kwa mteja.

Kuna jambo moja linanifanya nisiweze kumwita mzee huyu katili, na ni haki nilitaje. Alizaa watoto watano, wanne wakamtangulia kaburini. Kijana wake Georges alifariki mwaka 1875. Mke wake Nelly mwaka 1877, na kitoto kichanga baada yake. Mwaka huo wa 1877 alichora Bikira Maria amekaa, mama amemwangukia mapajani akiwa hana nguvu, na chini miguuni kalala mtoto aliyekufa. Iko Strasbourg. Sijui niieleze vipi, nenda katazame tu. Pale hakufuta kitu. Kwa hiyo alijua kuchora mtoto ambaye dunia imemuumiza. Alijua kuliko wengi. Maumivu ya nyumbani kwake yaliruhusiwa kuingia kwenye turubai, ya binti wa ng'ombe hayakuruhusiwa hata kama ni ufa mmoja wa kisigino.

Sasa nijitaje na mimi, maana dada aliniuliza "wewe umewahi kufanya tofauti?" na hilo ndilo lililonifanya nisimalize chai.

Miaka miwili iliyopita nilitumwa mkoani, gazeti nililokuwa nafanyia kazi wakati huo, kuandika juu ya watoto wanaokosa shule msimu wa mvua kwa sababu wanachunga ng'ombe wa watu kwa ujira. Tukamkuta mmoja njiani. Miaka kumi na mmoja, anachunga ng'ombe kumi na wanne wa mtu mwingine, analipwa ndama mmoja kwa mwaka akibahatika. Alikuwa na panga, koti la mtu mzima limefungwa kwa kamba, na kidonda kwenye goti. Aliongea na sisi robo saa nzima bila kututazama, macho kwa ng'ombe. Mpiga picha akasema hivi haifai. Tukampa maji ya chupa anawe uso. Tukamwomba aweke panga chini, avue lile koti, ashike fimbo, atutazame, acheke kidogo. Mimi ndiye niliyeshika koti. Ng'ombe wawili wakapotelea kwenye shamba la mtama wakati anatuchekea, akakimbia huku analia, na sisi tukapanda gari kwa sababu tulikuwa tumechelewa.

Picha ilitoka nzuri mno. Ikawekwa ukurasa wa mbele, nusu ukurasa. Habari yangu ilikatwa ikabaki aya nne, na ile sehemu ya ndama ndiyo iliyokatwa kwanza. Mwisho wa mwaka picha ile ile ikaonekana kwenye kalenda, mwezi wa Mei kama sikosei, bila habari kabisa. Watu walinipongeza. Shangazi yangu bado ameibandika sebuleni kwake na ananiita mjukuu wa wino.

Dada aliposikia hayo alisema basi mimi na Bouguereau tuko chungu kimoja. Nikamwambia ndiyo, na ndiyo maana najua anachofanya. Nimeshika koti.

Yeye picha hajaitoa kwenye kompyuta na sikumwomba aitoe. Ni nzuri, hiyo sijawahi kubisha. Nilichomwomba ni kimoja na nawaomba na ninyi, hasa mnaosema nimemwonea mzee wa watu. Kati ya picha zake hizo zaidi ya mia nane, nitafutieni moja tu ya mtoto wa shamba ambaye miguu yake imepasuka, au kucha zake zina uchafu, au macho yake yako kwa ng'ombe badala ya kwa mnunuzi. Mkinionyesha nitaandika hapa hapa kwamba nilikosea, na wali wa dada wiki nzima nitalipa mimi.